Tupeane uzoefu: mliosoma Iliad na Odyssey, mlifurahia kweli au mlijikaza tu?

Uani Kwetu (mleta uzi):
Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa wale waliowahi kusoma yale mashairi marefu ya Wagiriki wa kale, Iliad na Odyssey, yanayosemwa kuwa ya Homer. Sitaki uchambuzi wa darasani. Nataka kujua kitu kimoja: ulipokuwa unasoma ulikuwa unafurahia, au ulikuwa unajikaza ili siku moja na wewe useme umesoma?

Nianze mimi. Iliad niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, elfu nne baada ya kubishana sana, tafsiri ya Kiingereza ya Robert Fagles ya 1990, jalada limeliwa na mende pembeni. Nimeianza mara tatu nikashindwa mara tatu, na mara zote nilikwama palepale, kitabu cha pili. Shairi lina vitabu 24, na kwenye hicho cha pili jamaa anasimamisha hadithi aorodheshe majeshi: nani katoka mji gani, kaja na meli ngapi. Vikosi 29, meli zaidi ya 1,100. Ni kama umealikwa harusini, umekaa vizuri unasubiri chakula, MC anaanza kusoma daftari la michango jina kwa jina.

Mara ya nne nikairuka orodha yote. Ndiyo, niliiruka, na sijutii. Nikafika kitabu cha sita. Hector, shujaa wa mji wa Troy unaozingirwa na Wagiriki, katoka vitani, kaingia mjini mara moja, anakutana na mkewe Andromache karibu na lango, yaya kambeba mtoto. Mke anamwambia asirudi kule. Achilles, shujaa wa Wagiriki, alishamuulia baba na kaka zake saba, kwa hiyo wewe Hector ndiye baba yangu, ndiye mama yangu, ndiye kaka yangu, na ndiye mume wangu. Hector anajibu anachojibu, halafu ananyoosha mikono amchukue mwanawe. Mtoto anapiga ukelele, anajificha kifuani kwa yaya, kwa sababu baba kavaa kofia ya shaba yenye kishungi cha manyoya ya farasi kinachoninginia. Baba na mama wote wanacheka. Hector anaivua ile kofia, anaiweka chini, ndipo anambeba mtoto na kumrusharusha.

Nilikuwa kwenye daladala ya Mbezi. Nilipitiliza kituo.

Haya, leteni yenu. Mlianzia wapi, mlikwamia wapi?

Kalamu Kavu:
Naweka kiti hapa, chai nimekuja nayo.

Mzee wa Kopra:
Mimi nina malalamiko rasmi.

Niliiona ile filamu ya 2004 ya vita vya Troy, nikasema ngoja nisome kitabu chenyewe maana kitabu siku zote kina mengi zaidi. Nimesoma Iliad miezi mitatu, wakuu. Miezi mitatu nasubiri farasi wa mbao, yule Wagiriki walijificha ndani yake wakaingia Troy. Kitabu cha 20, hola. Cha 22 Hector anakufa, nikasema sasa wanaanza kuchonga. Cha 23 wanafanya michezo ya msibani, mbio za magari ya farasi, nikajipa moyo kwamba angalau farasi wameanza kuonekana. Cha 24 wanamzika Hector, na kitabu kimeisha. Mstari wa mwisho kabisa ni mazishi ya Hector mfuga farasi. Nikageuza ukurasa nikidhani nimeuziwa kitabu kilichochanika.

Na kile kisigino cha Achilles, mahali pekee alipoweza kuuawa, hakipo! Achilles mwenyewe hafi humo ndani! Nani anarudisha miezi yangu mitatu?

Mwalimu wa Zamu:
Mzee wa Kopra umenichekesha mpaka wanafunzi wamenigeukia. Farasi unayemtafuta yupo kwenye Odyssey, na hata huko anapita tu: mfalme Menelaus anamsimulia kidogo, halafu mwimbaji kipofu Demodocus anamwimba karamuni na Odysseus mwenyewe, yule anayehangaika kurudi kwao Ithaca baada ya vita, amekaa hapo analia. Iliad haikuahidi kusimulia vita vyote. Neno lake la kwanza kabisa kwa Kigiriki ni "ghadhabu". Inafuata ghadhabu za mtu mmoja kwa majuma machache ya mwaka wa kumi wa vita. Waliokuwa wakisikiliza walishajua farasi, walishajua nani atakufa. Ni kama mtu wa Lamu kusimuliwa Liyongo: hakuna anayeuliza mwisho wake, kila mtu anajua mwanawe ndiye aliyemchoma sindano ya kitovu. Watu wanakuja kusikia *utaisemaje*.

Sasa uzoefu wangu. Mimi Odyssey sikuisoma, niliisimulia. Umeme ulikatika siku tatu mfululizo mtaani kwetu, simu hazina chaji, wanangu wawili na mtoto wa jirani wananiangalia. Nikachukua kitabu na tochi, nikafungua kitabu cha tisa, nikawa natafsiri palepale. Odysseus na wenzake wamenasa ndani ya pango la Polyphemus, jitu lenye jicho moja. Linakula watu wawili jioni, wawili asubuhi, wawili tena jioni ya pili. Odysseus analipatia jitu mvinyo mkali, ule ambao watu wa kawaida humimina kipimo kimoja kwenye vipimo ishirini vya maji. Jitu linauliza, wewe unaitwa nani? Anajibu: naitwa Hakuna Mtu.

Watoto hawakuelewa mara moja, niliwaacha tu. Jitu likalala, wakalitoboa jicho kwa gogo la mzeituni lililochongwa na kutiwa moto (hapa mtoto wa jirani alifumba la kwake). Likapiga mayowe, majitu wenzake wakaja mlangoni: nani anakuua humo? Nikatoa sauti nzito: "HAKUNA MTU ANANIUA!" Basi kama hakuna mtu, lala, wakarudi makwao.

Hapo ndipo walipong'amua. Yule wa miaka sita alianguka chini kwa kicheko. Kwa wiki nzima ukiuliza nani kamwaga maji, nani kaacha mlango wazi, jibu ni moja.

Lakini kuna jambo sikulitarajia. Asubuhi jitu linapapasa migongo ya kondoo wakitoka, watu wamejifunga matumboni mwao. Kondoo dume mkubwa anatoka wa mwisho, kabeba Odysseus. Jitu linamuuliza: wewe ndiye hutangulia siku zote, leo mbona wa mwisho, unalisikitikia jicho la bwana wako? Binti yangu akanyamaza. Akasema, "Baba, mimi namuonea huruma." Nimefundisha miaka 19, na sikuwa nimewahi kumuonea huruma.

Dada wa Makorora:
Mimi nitaharibu sherehe kidogo, mniwie radhi.

Sikufurahia. Iliad niliacha katikati. Huyu kachomwa mkuki chini ya chuchu, yule meno yametoka, mwingine utumbo, na kila mmoja anatajiwa baba yake na mji wake kabla hajafa. Ugomvi mzima wa Achilles na Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, ni wa kugombea msichana, Briseis, aliyegawiwa kama ng'ombe. Yeye anapata kuongea mara moja tu, anapomlilia Patroclus, rafiki wa Achilles aliyeuawa.

Odyssey nilimaliza, tafsiri ya Emily Wilson ya 2017. Yeye wale wanawake kumi na wawili wa nyumbani kwa Odysseus hawaiti vijakazi kwa upole upole, anawaita watumwa, kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Wanalazimishwa kuondoa maiti za wanaume waliomposa mke wa Odysseus, aliowaua aliporudi, na kusafisha damu ukumbini, halafu wananyongwa kwa kamba moja, miguu inarusharusha kidogo, si kwa muda mrefu. Nilifunga kitabu nikaenda kufua. Nilifua hata vilivyo safi.

Kilichonirudisha ni Penelope, huyo mke wa Odysseus. Mume karudi baada ya miaka 20, kila mtu anamwambia ndiye, yeye hana haraka. Anamwambia mtumishi amtolee mgeni kitanda nje. Odysseus anawaka: nani kakihamisha kitanda changu? Maana alikijenga mwenyewe juu ya kisiki cha mzeituni chenye mizizi ardhini, hakihamishiki. Basi ndiye. Kwa hiyo yule bingwa wa kudanganya wengine, mke wake ndiye aliyemdanganya. Hapo nilipiga makofi peke yangu chumbani. Lakini ukiniuliza kama nilifurahia kitabu chote, jibu langu ni hapana.

Uani Kwetu:
Dada, hujaharibu chochote. Hilo la kufua nalikumbuka nami kwa namna yangu.

Serahangi Mstaafu:
Mleta uzi, umenigusa hapo kwa mtoto kumwogopa baba. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekula chumvi ya bahari miaka 22. Safari moja nilirudi baada ya miezi kumi na minne, mwanangu nilimwacha ananyonya. Alinitazama, akajifungia ndani ya khanga ya mama yake. Sikuwa na kofia ya kuvua.

Odyssey nilisimuliwa kabla ya kuisoma. Meli ilikuwa ya Wagiriki, serahangi (mkuu wa mabaharia wa sitaha) wa wakati huo mtu wa kisiwa cha Chios, na watu wa Chios watakuapia kwamba Homer ni wao. Zamu ya usiku wa manane ananisimulia vipande kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, tunaelewana. Siku tulipopita karibu na Ithaca akaniita nitazame. Kisiwa cha mawe tupu, pembeni mwa Kefalonia. Nikamwambia, miaka yote ile kwa ajili ya jiwe hili? Akasema Odysseus mwenyewe anakiri kuwa ni nchi ya mawe, ila inalea vijana vizuri, na hakuna kitu kitamu machoni pake kuliko hiyo.

Baadaye nilijisomea. Sasa ngoja niwaambie kama baharia. Watu husema alipotea baharini miaka kumi. Pigeni hesabu. Miaka saba yuko kwa Calypso, mungu wa kike. Mwaka mzima yuko kwa Circe, mungu wa kike mchawi. Inabaki miwili. Nyumbani anasema bahari ilichafuka! Mabaharia wote wa Bandari ya Tanga wanaijua hadithi hiyo, na hawajasoma kitabu.

Kalamu Kavu:
Chai imenipalia.

Nyundo za Kitonga:
Mimi dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Kusoma siwezi nikiwa barabarani, kwa hiyo niliiweka Iliad ya kusikiliza kwenye simu.

Mwanzoni ilinikera mno kwa kurudia maneno. Kila Achilles akitajwa ni "mwepesi wa miguu", hata akiwa amekaa. Kila kukicha ni mapambazuko yenye vidole vya waridi. Mtu akitumwa ujumbe, anaurudia neno kwa neno kwa anayeambiwa. Nikasema huyu mtunzi alikuwa analipwa kwa maneno. Halafu safari ya tatu au ya nne, napandisha mlima wa Kitonga taratibu nyuma ya malori mengine, nikagundua siyaoni tena. Yamekuwa kama kiitikio, yanakupa nafasi ya kupumua na kutazama kioo cha pembeni bila kupoteza hadithi.

Ndipo nikamkumbuka babu yangu wa Kagera. Mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi, alikuwa akija kilabuni, anaimba mashujaa wa Kihaya mpaka usiku, naye anarudiarudia hivyo hivyo. Hakuna aliyelalamika. Nilikuwa nakosea kulisikiliza kama taarifa ya habari.

Mwalimu wa Zamu:
Nyundo, hicho ulichokigundua mlimani kilimchukua Milman Parry, Mmarekani, miaka mingi. Miaka ya 1930 alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa mashairi ya vita. Mmoja wao, Avdo Međedović, hakujua kusoma wala kuandika, na alimtolea shairi la mistari zaidi ya 12,000, karibu sawa na Odyssey nzima. Yale maneno ya kurudiwa ndiyo zana za mwimbaji: yanajaza mizani wakati kichwa kinatafuta mstari unaofuata.

Bi Nuru wa Mkunguni:
Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma nikatabasamu, ngoja na mimi niingie.

Sisi tuliolelewa kwa tenzi masikio yetu yako tayari, hatuhitaji kufundishwa urefu. Utendi wa Tambuka, wa Mwengo wa Athumani, Pate, 1728, una beti zaidi ya elfu, na ni vita mwanzo mwisho. Na huyo Herekali anayepigwa vita humo, mfalme wa Rumi, ni Heraclius wa Constantinople, mji uliokuwa ukizungumza Kigiriki. Kwa hiyo Wagiriki wamo majumbani mwetu zamani.

Kilichonisumbua mimi ni kina. Homer ana mizani lakini hana vina, na tafsiri niliyopata ilikuwa ya nathari. Nilikuwa nasoma huku nahisi kama mtu anakwenda na kiatu kimoja. Mpaka nilipofika kitabu cha mwisho. Mfalme Priam wa Troy, mzee, baba yake Hector, anaingia usiku hemani kwa Achilles kumkomboa maiti ya mwanawe. Anapiga magoti, anaibusu mikono iliyomuulia wanawe. Anamwambia, mkumbuke baba yako. Wanalia wote wawili, huyu mwanawe, yule baba yake na Patroclus. Halafu, hili ndilo lililonimaliza, wanakula. Achilles anachinja kondoo, anagawa nyama. Msiba ni msiba, lakini mtu lazima ale. Nani kati yetu hajui hilo?

Sikulala. Nikachukua kalamu nikaanza kuitia kwenye mizani yetu, minane minane:

*Kumbuka wako mzazi*
*mzee asiye kazi*
*angojaye kwa machozi*
*siku utakaporudi.*

*Nami nabusu mkono*
*ulomwaga damu mno*
*ya wanangu, si maneno,*
*jambo hili limezidi.*

Hapo nilikuwa najifurahisha tu. Lakini nilipoziimba kwa sauti, mama yangu, ambaye hajui Troy iko wapi, alitoka jikoni akauliza ni nani aliyefiwa.

Nyundo za Kitonga:
Bi Nuru, shikamoo. Rekodi kwa sauti, nitaisikiliza njiani.

Uani Kwetu:
Uzi wangu umeshapata mwenyewe. Bi Nuru, umefika beti ngapi?

Bi Nuru wa Mkunguni:
Marahaba mwanangu. Thelathini na nne. Nimekwama Priam anapopanda gari usiku, sipati kina cha jina la Hermes, mungu anayemwongoza njiani.

Mzee wa Kopra:
Shangazi, swali moja tu kabla sijaanza kusubiri. Kwenye utenzi wako, farasi wa mbao yupo?

Bi Nuru wa Mkunguni:
Hayupo.