Je, uchunguzi wa qigong nchini China ulithibitisha kuwapo kwa nguvu za ajabu za akili?

Mtoa mada: Ndugu wachangiaji, Qian Xuesen, mhandisi aliyeongoza mpango wa maroketi wa China, hakuwa mtu wa kulaghaiwa kirahisi. Mwezi Machi 1979 gazeti la Sichuan lilipotangaza habari za mtoto aliyesemekana kusoma maandishi kwa sikio, wengi walicheka. Qian, kwa upande wake, alikuja kuutetea uchunguzi wa vipaji hivyo na kuuhusisha na qi, nguvu ya uhai inayosemekana kukuzwa kwa qigong, yaani mazoezi ya Kichina ya kupumua na kutuliza mwili. Sisi tunapata wapi ujasiri wa kumkanusha?

Mchangiaji: Kwa heshima zote, mtoa mada, umetuletea shahidi badala ya ushahidi. Ubingwa wa Qian ulikuwa katika maroketi, na hata roketi hairuki kwa sababu tu aliyeiunda anaheshimiwa. Mwaka 1988 ujumbe wa wachunguzi kutoka Marekani na Kanada, akiwemo mfanya mazingaombwe James Randi (ambaye hila za aina hiyo ndizo zilizokuwa kazi yake), uliwapima huko China watoto waliodaiwa kuwa na vipaji hivyo, na mianya ya kuchungulia ilipozibwa, vipaji navyo vikatoweka. Katika jaribio jingine, mwalimu wa qigong aliyesemekana kumtikisa mgonjwa kwa qi itokayo mikononi mwake aliwekwa chumba tofauti na mgonjwa huyo, naye mgonjwa akawa anatikisika bila uhusiano wowote na nyakati ambazo mwalimu alikuwa akiituma.

Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni qigong yenyewe. Katika miaka ya 1950 Liu Guizhen aliwafundisha wagonjwa wa Tangshan na Beidaihe kupumua na kutuliza mwili, kama sehemu ya tiba ya hospitali. Taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole ambayo ni ya ukoo huohuo, imethibitika kupunguza hatari ya wazee kuanguka. Faida hizo hazihitaji mtu kubadilisha molekuli za maji akiwa mbali, kama ilivyodaiwa juu ya mwalimu wa qigong Yan Xin katika miaka ya 1980.

Mtoa mada: Ya watoto nayakubali. Lakini yule mgonjwa alitikisika, hata kama hakuna kilichomfikia kutoka chumba cha pili. Hilo nalo tulipuuze?

Mchangiaji: La, lichunguzwe, ila kama nguvu ya imani ya mgonjwa juu ya mwili wake mwenyewe, na mwalimu asilipwe kwa kazi ambayo hakuifanya.