Gari ya stima inanibishia usukani: nizime kila kitu?

Nyanya wa Omena
Wadau, nina gari ya stima, mkono wa pili kutoka Japani, mwezi wa pili sasa. Kila Alhamisi napeleka omena Nakuru kutoka Kisumu (harufu mniachie mwenyewe). Hii gari ni mjuaji. Inafuata ya mbele yenyewe, inapiga breki, na ukitoka kwa mstari inarudisha usukani. Juzi kabla ya Awasi nilikuta boda amebeba magunia matatu ya makaa ukingoni. Nikamkwepa, usukani ukanisukuma kwake! Si kwa nguvu, lakini nilitetemeka hadi Kericho. Pale Ahero nako matatu ilikuwa imechomeka mbele yangu, gari ikafunga breki, na nyuma kuna trela. Nilitukanwa hadi marehemu mama yangu. Onyo zote ni za Kijapani, mjukuu hunisomea kwa simu.

Fundi_Kondele
Nyanya, hukuwasha indiketa. Kamera ya kwa kioo inaona mstari tu, haijui unakwepa mtu. Ukiwasha, inajua umetaka mwenyewe, inaachilia. Hiyo ya mistari zima ukipenda, ile breki ya dharura inayojifunga yenyewe usiizime. Na ukungu wa Kericho ukishuka kamera inapofuka, usiitegemee. Kwa vipimo vya SAE (chama cha wahandisi wa magari), hata ikiwa ya daraja la 2, yaani inasaidia usukani na mwendo pamoja, dereva bado ni wewe. Halafu ongeza nafasi na gari ya mbele, itapunguza mwendo polepole.

Trela Miaka 19
Fundi, hiyo nafasi unayosema ni ya madereva wa matatu, wataingia wawili! Nyanya, mimi naogopa kingine. Ile ya kufuata imezoea gari zinazotembea. Kitu kimesimama kabisa, na wewe uko 80, inaweza kukiendea moja kwa moja kama hakipo. Sasa fikiria trakta ya miwa imekwama usiku upande wa Chemelil, haina taa wala laifuseva (ile pembetatu ya onyo), dereva ametupa matawi barabarani basi. Wewe ukiona matawi unajua kuna gari mbele. Gari yako inaona majani.

Nyanya wa Omena
Ngai! Wiki jana niliyakanyaga, nikadhani mtu ameangusha chakula cha mbuzi. Nilikuwa nimeachia gari ijiendeshe nikimenya njugu. Ya mistari nimezima, ya kufuata nitawasha mchana tu. Mjukuu anatafuta indiketa inaitwaje kwa Kijapani, nimemwambia hiyo naijua.