Naomba ushauri: chai na uji bila sukari, mnafanyaje?

Hamjambo wapendwa. Mume wangu ameambiwa kliniki kwamba sukari yake ya damu imeanza kupanda, ingawa haijafika kisukari. Tumeamua nyumba nzima tuache sukari ya kuongeza. Tuko Kisumu, upande wa Kondele. Soda imetoka bila shida: chupa ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi hapo kwa siku nzima, ikiwezekana abaki chini ya 25.

Kazi iko kwa chai ya maziwa na uji wa wimbi. Mama mkwe, ambaye nampenda sana, hutia sukari humo humo kwenye sufuria chai ikichemka, na anasema sukari nguru haina neno kwa sababu ni ya asili. Lakini si inatoka kwa miwa ile ile? Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Watoto nao wanasukuma kikombe cha uji wakishaonja tu. Nimeponda ndizi mbivu ndani. Mdogo amekubali, mkubwa hataki kabisa. Nipunguze kijiko kidogo kidogo au niache mara moja? Waliopitia hili, nisaidieni tafadhali.