Msaada: dresingi ya mkate wa mahindi ya Sikukuu ya Shukrani, supu iwe kiasi gani?

jiko_la_atlanta
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua dresingi ya Kusini mwa Marekani, ile ya chenga za mkate wa mahindi zinazochanganywa na mboga na supu kisha kuokwa, inayoliwa na bata mzinga Sikukuu ya Shukrani na Krismasi. Kadi ya mapishi ya ukweni inasema: mkate wa mahindi wa kikaango kimoja, slesi tatu za mkate mweupe, vitunguu viwili, mabua manne ya seleri, nusu kikombe cha siagi, mayai mawili, majani makavu ya seji "ya kutosha" na supu ya kuku "mpaka ikae sawa". Hayo mawili ya mwisho ndiyo yananishinda. Mara ya kwanza imetoka kavu kama pumba, mara ya pili gundi tupu. Mkate nimeuoka kwa unga wa ugali. Naomba vipimo, Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba na haiko mbali.

Fundi Oveni
Gundi imeanzia kwenye unga. Sembe imekobolewa na kusagwa laini, kwa hiyo mkate wake ukikutana na supu unarudi kuwa ugali. Tafuta unga wa mahindi wa chengachenga, mweupe au wa njano. Usichukue ule wa kutengenezea tortila (chapati za mahindi za Meksiko), mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ladha na tabia vyote ni tofauti.

Mkate wa kikaango cha inchi 10: unga vikombe 2 (kikombe cha ml 240), beking pauda kijiko 1 cha chakula, beking soda nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, mtindi kikombe 1 na nusu, yai 1, siagi iliyoyeyushwa robo kikombe. Kama pakiti ya unga imeandikwa kwamba imeshachanganywa na beking pauda na chumvi, acha hivyo viwili, na beking soda pia. Kikaango kizito cha chuma kipashe moto ndani ya oveni kikiwa na mafuta kidogo. Rojo likigusa chuma lichachatike, ndipo unapata ukoko. Nyuzi 220 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25. SUKARI USIWEKE. Mkate mtamu ukichanganywa na seji na kitunguu unaharibu sahani nzima.

Uoke siku moja kabla, uvunjevunje, utandaze kwenye sinia ulale wazi. Chenga zilizokauka zinanyonya supu bila kuvurugika. Huna muda? Ziweke oveni nyuzi 120 kwa nusu saa, uzigeuze mara moja.

Mama Chungu
Mdogo wangu, hapo kwenye supu ndipo watu wengi wanapoogopa. Kwa chenga za mkate huo pamoja na slesi zako tatu, anza na vikombe 3 vya supu ya moto, koroga polepole, funika dakika 10. Kisha tazama. Ukiinua mwiko, mchanganyiko udondoke mapande mazito kama uji wa kulisha mgonjwa, na ukiinamisha bakuli usogee. Ukisimama kama ugali, ongeza nusu kikombe, ngoja, tazama tena. Mara nyingi unaishia vikombe 4, hata 4 na nusu. Ukiwa na unyevu unaoonekana "sawa" kabla ya kuoka, umeshachelewa: oveni itaunywa, na unga wa mahindi unaendelea kunyonya hata sahani ikiwa mezani.

Seji kavu: vijiko 2 vya chai kwa kipimo hiki. Anza na kimoja na nusu. Ikizidi inaleta uchungu kama wa dawa, na hakuna cha kuificha. Usiitie mbichi kwenye chenga, itie kwenye siagi dakika moja ya mwisho baada ya vitunguu na seleri kulainika (dakika 10 hivi, moto wa wastani, visibadilike rangi). Thaimu nusu kijiko cha chai, pilipili manga kijiko cha chai kizima.

Onja chumvi KABLA ya mayai. Yakishaingia huonji tena.

lala_na_mahindi
Naongezea kwa alichosema Mama Chungu. Mayai usipunguze: mahindi hayana ule mnato wa ngano, yai ndilo linaloshika. Mimi natetea matatu kwa sinia la sentimita 23 kwa 33. Na msiishangae ile slesi ya mkate mweupe, kazi yake ni hiyohiyo, ingawa kuna nyumba za Kusini ukiiweka wanakuona umekosea kabisa.

Supu ya kuku mkubwa aliyekomaa, wa kuchemshwa saa mbili tatu, inashinda ya pakiti kwa mbali. Ikipoa inaganda, na huo ugandaji ndio unaoipa dresingi ulaini bila kuwa majimaji. Ukitumia ya pakiti, chagua isiyo na chumvi, maana mkate na siagi tayari vina yake.

Kijana wa Oveni
Kwani haiwezi kujazwa ndani ya bata mzinga moja kwa moja?

Fundi Oveni
Mkuu, watu wanafanya, lakini ya Kusini huokwa pembeni, na wengi hulitenga jina hilo la dresingi kwa hiyo ya pembeni. Ndani ya ndege hupati ukoko wa juu, na majimaji ya nyama mbichi yanadondokea humo. Katikati lazima kufike nyuzi 74, na wakati huo kifua kimeshakauka.

Oka wazi, nyuzi 180, dakika 50 hadi 60. Kingo ziwe za dhahabu, katikati kutikisike kidogo tu kama keki ya mayai. Ipumzike dakika 15 kabla ya kukata.

jiko_la_atlanta
Asanteni sana. Naweza kuiandaa Jumatano usiku? Na ikitoka kavu tena, inaokoleka?

Mama Chungu
Jumatano changanya chenga na mboga zilizopoa, funika, weka frijini. Supu ya moto na mayai viingie Alhamisi asubuhi, supu kwanza, ipoe kidogo, ndipo mayai yaliyopigwa, yasije yakaiva vipandevipande.

Ikitoka kavu: nusu kikombe cha supu ya moto na kijiko cha siagi, mwagia sawasawa, toboa kwa uma hapa na pale, funika foili, nyuzi 160 dakika 10. Ikiwa majimaji katikati, irudishe wazi nyuzi 190 dakika 10 hadi 15. Iliyobaki iingie frijini ndani ya saa mbili, ikae siku tatu au nne.