Naomba ushauri: mafaili yanatoweka kwenye seva ya ofisi yetu hapa Tanga

Mzawa wa Chumbageni:
Wakuu, habari za kazi. Niko katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga. Tuko watu 11, na kwa kuwa niliwahi kusoma kompyuta kidogo, jukumu la seva limeniangukia mimi. Seva inatumia Windows Server, na kila mfanyakazi anaiona kwenye kompyuta yake kama diski Z. Jumatatu tulipofika kazini folda ya hati za mizigo ya Machi haikuwepo. Nimeitafuta kwa jina bila mafanikio, nimefungua pipa la taka kwenye kila kompyuta nikakuta tupu, na antivairasi haijakamata chochote. Isitoshe, ndani ya wiki mbili hizi majedwali mawili ya Excel ya ankara nayo yametoweka, kila moja kwa siku yake.

Bosi ameshaamua kwamba anayefuta ni binti wa mapokezi, kwa sababu yeye ndiye hufunga ofisi jioni. Mimi siamini, ila sina ushahidi wa kumtetea. Nianzie wapi?

Fundi Ngamiani:
Pole sana, ndugu yangu. Pipa la taka kuwa tupu hakuthibitishi lolote, maana kinachofutwa kupitia mtandao hakipiti humo, kinaondoka moja kwa moja. Swali langu ni hili: ulipotafuta, uliingia kwa akaunti gani? Nauliza kwa sababu folda nyingi zinazosemwa zimepotea nimezikuta zimelala ndani ya folda jirani. Mtu anaibofya folda, kidole kinateleza kwenye kipanya (na kwa joto letu hili kiganja hakikauki), anaiachia juu ya folda nyingine, na kwa kuwa zote ziko kwenye diski moja, Windows huihamisha bila kuuliza. Angebonyeza Ctrl na Z papo hapo ingerudi, lakini mwenyewe hana habari. Ikiwa folda iliyoipokea ni ile usiyo na ruhusa nayo, na seva imepangwa kumficha mtumiaji kila asichoruhusiwa kukisoma, utatafuta mpaka magharibi iingie. Ingia kwenye seva yenyewe kwa akaunti ya msimamizi, utafute upya kwa jina la faili mojawapo unalolikumbuka.

Majedwali ya Excel naona ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na huo. Excel inapohifadhi haiandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili la muda lenye jina la herufi na tarakimu 8, halafu huliondoa la zamani na kulipa hilo jipya jina lake. Mtandao ukikatika katikati ya kazi hiyo, unabaki na faili la jina la ajabu, lisilo na .xlsx mwishoni, ambalo watu hulifuta wakidhani ni uchafu. Ukiliona, linakili kwanza, kisha uiongezee nakala .xlsx ujaribu kuifungua.

Baharia Mstaafu:
Hiyo ni virusi. Futa diski yote, weka Windows upya.

Mama Mkonge:
Mzee wangu, kwa heshima zote, akifanya hivyo atazika na yale ambayo bado yanaokoleka. Mzawa, bofya folda kuu kwa kitufe cha kulia, uangalie matoleo ya awali. Kama huduma hiyo iliwashwa kwa ratiba yake ya kawaida, seva huhifadhi picha ya diski saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Picha hizo ziko kwenye seva hiyohiyo, kwa hiyo usizihesabu kuwa ndizo nakala rudufu zako.

Kuhusu huyo binti, washa ukaguzi wa mafaili kabla hajasemwa tena. Unawashwa sehemu mbili, kwenye sera ya seva na kwenye folda yenyewe. Wengi huwasha sehemu moja tu, kisha wanashangaa kukuta kumbukumbu hazina kitu. Baada ya hapo tafuta tukio namba 4663 lenye ruhusa ya kufuta: litakutajia akaunti na faili. Kuhamisha nako huandikwa hivyohivyo, kwa hiyo usimkamate mtu kwa neno hilo peke yake.

Mzawa wa Chumbageni:
Nimerudi na majibu. Folda ya Machi nimeikuta nzima ndani ya folda ya mishahara, ambayo wanaoweza kuifungua ni bosi na mhasibu tu. Binti wa mapokezi hata haioni kwenye skrini yake. Jedwali moja limepatikana likiwa na jina la ajabu kama alivyosema Fundi, na limefunguka. La pili lilianzishwa saa saba mchana na kutoweka jioni ileile, kwa hiyo halimo katika picha yoyote, na tunaliandika upya kutoka kwenye karatasi.

Nimegundua pia kwamba seva iko kwenye betri ya akiba, ilhali swichi ya mtandao (kile kifaa kinachounganisha kompyuta zote na seva) imechomekwa ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika, seva inabaki hewani lakini hakuna kompyuta inayoifikia. Leo nimeihamishia swichi kwenye betri.

Nimemwomba bosi azungumze na yule binti yeye mwenyewe. Hadi ninaandika hapa bado hajamwita.