Naombeni ushauri: nesi wa serikali, nina mkataba wa Riyadh mkononi. Niende au nisubiri Ujerumani?

Sista_wa_Zamu
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni muuguzi mwenye digrii, miaka 31, mwaka wa sita kazini hospitali ya serikali mkoani, wodi ya watoto wachanga. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja, Desemba anatimiza miaka mitatu. Wakishakata pensheni ya PSSSF, bima na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, mkononi inabaki laki saba na chenji. Hapo mama yuko Iringa ananitegemea, mdogo wangu yuko chuo. Mume ana duka la spea za bodaboda, leo linauza kesho halikuuza.

Kuna wakala Dar kanitafutia kazi Riyadh. Miaka miwili, riyali 4,200 kwa mwezi, nyumba na tiketi juu yao. Anataka milioni tatu na nusu, na nusu yake iwe imeingia kabla ya Ijumaa kwa sababu "nafasi zinagombaniwa". Mkataba kanitumia WhatsApp, kurasa nne.

Upande mwingine nasoma Kijerumani, nimemaliza ngazi ya A2 naingia ya B1. Hiyo najua ni mwaka na zaidi kabla sijaona viza.

Mume anasema "uamuzi ni wako". Wanawake wenzangu mnaijua hiyo sentensi.

Kiparachangoto
Kazi ya serikali haiachwi, dada. Watu wanalala nje ya ofisi za ajira wewe unataka kutupa barua. Omba likizo bila malipo, nenda kajaribu, ukishindwa rudi.

Mbeba_Dawa
Nafuatilia. Mimi mfamasia, tuko mtumbwi mmoja.

Mzalendo_Halisi
Serikali imewasomesha, mkishaiva mnakimbilia kwa Waarabu. Hao watoto wachanga mnawaachia nani?

Sista_wa_Zamu
@Mzalendo_Halisi kaka, nimesoma kwa mkopo na ninaulipa kila mwezi, soma tena juu. Zamu ya jana usiku tulikuwa manesi wawili kwa watoto 27. Ukipata nafasi karibu utusaidie.

Nesi_Mrudi_Jeddah
Dada, nimekaa Jeddah miaka minne, nimerudi mwaka juzi. Naomba niulize kabla sijashauri: Dataflow, ule uhakiki wa vyeti, umefanya? Mtihani wa Prometric je? Maana muuguzi haingii wodini Saudia bila vyeti vyake kuhakikiwa, akafaulu mtihani, akasajiliwa na tume yao ya afya. Hivi vyote unaweza kuvianza ukiwa umekaa sebuleni kwako, unalipia mwenyewe kwa kadi. Kama hakuna hata kimoja kilichofanyika, hiyo milioni tatu na nusu inalipia nini hasa?

Jambo la pili watu hawalijui. Dataflow wanamwandikia mwajiri wako moja kwa moja kuuliza kama kweli ulifanya kazi pale. Ukiondoka kwa kutoroka, barua inamkuta mtu mwenye kinyongo. Mwenzangu mmoja faili lake lilikaa miezi mitano kwa sababu hospitali yake ilikaa kimya tu. Kwa hiyo @Kiparachangoto ana hoja, japo likizo bila malipo ya kwenda kuajiriwa kwingine mimi niliiomba nikanyimwa. Niliacha kazi kwa barua, nikakabidhi kila kitu, na nikachukua barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwamba sina kesi. Hiyo barua utaombwa popote, hata ukienda Ujerumani.

Maisha ya kule: kodi ya mshahara hakuna, ukimaliza mkataba kuna kiinua mgongo, nusu mshahara kwa kila mwaka ndani ya miaka mitano ya kwanza. Nilijenga. Lakini mwanangu niliporudi aliniita anti. Na usidhani utawachukua kirahisi. Cheo kilichoandikwa kwenye iqama, yaani kibali cha ukaazi, ndicho kinaamua kama familia inaweza kukufuata, na kila mtegemezi analipiwa riyali 400 kwa mwezi. Piga hesabu ya wawili kwenye hizo 4,200.

Binti_Malindi
Malindi ya Unguja, si ya Kenya. Niko Muscat, si nesi, ila mikataba ya huku nimeiona mingi. Mdogo wangu, huo mkataba una lugha mbili? Kama ndiyo, mwanya uko upande wa Kiarabu. Saudia pande mbili zikipingana, Kiarabu ndicho kinachoshika. Mtafute mtu akusomee, usimwambie mtu huyo Kiingereza kimesema nini.

Jamaa_wa_Mbagala
Kwani Uingereza vipi? Shemeji yangu alienda kulea wazee.

Mrudi254
Hiyo njia ya walezi waliifunga Julai 2025, sahau. Kwa manesi waliosajiliwa mlango bado uko, lakini Tanzania iko kwenye orodha ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, kwa hiyo wakala haruhusiwi kuja kuwasaka. Unaomba mwenyewe, unafanya IELTS, mtihani wa Kiingereza, unafanya mitihani ya baraza lao, wa kompyuta kisha wa vitendo. Na kwa kanuni zao mwombaji hatozwi ada ya kutafutiwa kazi.

Kuhusu Ujerumani, sisi Kenya tulisaini nao makubaliano Septemba 2024. Zikavuma nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani yenyewe ikakanusha hiyo namba. Jirani yangu alikuwa ashauza ng'ombe wawili.

Schwester_Leipzig
Mwaka wa tatu huku Ujerumani. Ukweli wote nakupa, dada.

Digrii yako haitambuliki siku ya kwanza. Wanaipima, wanakuandikia upungufu, kisha unafanya mafunzo ya kujazia au mtihani. Mpaka umalize hayo na B2, wewe ni msaidizi na unalipwa kama msaidizi. Mimi ilinichukua miezi kumi na moja. Niliumia roho, nilikuwa in-chaji kwetu.

Na kazi yenyewe: huku hakuna ndugu wa mgonjwa. Kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi ya babu wa kilo 110, ni wewe. Kama ulizoea kuchoma sindano na kuandika faili huku mama mkwe wa mgonjwa akifanya yaliyobaki, jiandae. Ila kila hatua iliandikwa kabla sijapanda ndege, na mwajiri ndiye aliyelipia kozi. Sikutoa hata shilingi kwa wakala.

Sista_wa_Zamu
Wakuu, nimerudi. @Binti_Malindi Mungu akubariki.

Jana jioni nilienda kwa ustadhi wa madrasa ya jirani, nikamwonyesha simu, nikamwambia nisomee upande huu tu. Akafika kwenye mstari wa kazi, akasoma "musaidat tamridh". Hata mimi nisiyejua Kiarabu nikasikia "saidia" mle ndani. Nikamuuliza, akasema ndiyo, msaidizi wa uuguzi. Upande wa Kiingereza wameandika muuguzi. Mshahara kwenye Kiarabu ni 2,800, na hizo 1,400 nyingine ni "posho kadiri mwajiri atakavyoona".

Ustadhi alikataa hata soda.

Nesi_Mrudi_Jeddah
Ndiyo maana hakukuuliza Prometric.

Schwester_Leipzig
Msaidizi wa huko hapandi, hilo ulielewe. Ukiingia na cheo hicho, uzoefu wako wa miaka sita unakuwa kama haupo, na ukitaka kuhama baadaye unaandikiwa barua kwamba ulikuwa msaidizi.

Kiparachangoto
Muulize huyo wakala leseni yake, kisha ihakiki kwa Kamishna wa Kazi au TaESA, wakala wa ajira wa serikali. Usitume hata mia.

Sista_wa_Zamu
Nimemuuliza kuhusu Kiarabu. Kanijibu "hiyo ni ya uhamiaji tu sista, usiwe na mambo mengi". Nikamuuliza leseni. Alama ya tiki imebaki moja tangu saa nne asubuhi, na picha yake ya wasifu siioni tena.

Nimemwonyesha mume wangu. Kakaa kimya, kisha akaniuliza ada ya B1 ni shilingi ngapi.

Saudia sijaifuta. @Nesi_Mrudi_Jeddah, nikianza Dataflow mwenyewe, wataiandikia hospitali nikiwa bado nipo kazini. Nimwambie matroni mapema au nisubiri wamwandikie?

Nesi_Mrudi_Jeddah
Usianze na matroni, atakupangia usiku mwezi mzima. Anza na katibu wa afya, barua pepe ya Dataflow inaangukia kwake. Mwambie ni uhakiki wa vyeti tu, mpe tarehe, mwombe aangalie hadi kwenye taka za barua pepe maana yangu ndiko ilikoishia. Nenda asubuhi, na usiende mikono mitupu. Mimi nilibeba maandazi.