Tupeane uzoefu: Ulikutanaje na The Great Gatsby, na nini kilikurudisha?

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Riwaya hii ya F. Scott Fitzgerald ilitoka Aprili 1925 na haikuuzika kama alivyotarajia. Alipofariki Desemba 1940, akiwa na miaka 44, nakala za toleo la pili zilikuwa bado zimelala ghalani kwa mchapishaji. Leo hii inasomeshwa katika shule nyingi za sekondari nchini Marekani. Mimi niligawiwa nakala darasani nikiwa na miaka 16, muda mfupi baada ya familia yetu kuhamia Ohio, na ndani ya jalada niliyakuta majina saba ya wanafunzi walionitangulia. Wakati ule niliona karamu na magari tu. Nilipoirudia nikiwa mtu mzima mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, aliyenigusa ni George Wilson, fundi wa gereji katika bonde la majivu, ambaye tajiri Tom Buchanan anamzungusha kwa ahadi ya kumuuzia gari huku akitembea na mke wa Wilson. Naomba kila mmoja aeleze ya kwake.

Mchangiaji wa kwanza:
Ahsante kwa mada. Nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Minnesota, na mzee mmoja aliyepigana Vita Vikuu vya Pili alitunza kwenye droo yake kitabu kidogo ambacho upana wake ulizidi urefu, chenye maandishi ya safu mbili kila ukurasa. Kilikuwa moja ya nakala zipatazo 155,000 zilizochapwa kwa ajili ya wanajeshi, kwa kipimo cha kuingia mfukoni. Jioni nilimsomea kurasa mbili, na nilipokosea kutamka neno alinisahihisha taratibu bila kufumbua macho. Naamini riwaya hii iliokolewa na mifuko ile kabla wahakiki hawajairudia.

Mchangiaji wa pili:
Tusisahau kwamba ni fupi. Hakimiliki yake ilipokwisha Marekani, tarehe 1 Januari 2021, niliipakua bure na kuimaliza ndani ya daladala kwa muda wa wiki moja.

Mchangiaji wa tatu:
Kinachonirudisha mimi ni sehemu moja ya sura ya mwisho. Gatsby, mhusika mkuu, ameshakufa, wageni wa karamu zake hawaonekani, na baba yake, mzee Gatz (Gatsby alibadilisha jina lake), anamwonyesha Nick, msimulizi wa riwaya, kitabu cha zamani ambacho mwanawe, akiwa kijana, aliandika ndani yake ratiba ya siku: saa ya kuamka, saa ya mazoezi, saa ya kujifunza umeme, na akiba ya dola 5 kwa wiki, ambayo imekatwa na kuwa 3. Mzee anasoma kila mstari kwa sauti. Mimi pia niliandika ratiba kama hiyo nyuma ya daftari la hesabu nilipokuwa kidato cha pili, na tulipopanga vitu vya marehemu baba nilikuta ameukata ukurasa ule na kuuhifadhi pamoja na hati ya kiwanja.